Kima Isiyo na Nyama

Krismasi yangu ya kwanza Uingereza nilitema chakula mbele za watu wazima.

Ilikuwa mwaka 2017, katika nyumba moja ya kulelea wazee mjini Northampton, ambako nilikuwa nimeanza kazi miezi minne nyuma. Zamu ya siku ile tulipangwa sisi tusioisherehekea, na sikuona ubaya, maana Idi ya kuchinja iliyotangulia wenzetu ndio waliotushikia zamu bila manung'uniko. Tabu ilikuwa usafiri. Siku ya Krismasi hakuna basi wala treni. Nchi nzima imefungwa kama duka la Mpemba aliyekwenda msibani. Nikatembea dakika arubaini gizani, pua imekufa ganzi, nikafika saa moja kasoro.

Saa nne ya chai mpishi akaleta sahani mbili za vitu vidogo vya mviringo, kila kimoja kinaenea kiganjani, juu kimefunikwa kwa nyota ya unga na kunyunyiziwa sukari laini kama vumbi la chokaa. Nikauliza vinaitwaje. Nikaambiwa minspai.

Sasa hilo neno "mins" nilikuwa nalijua vizuri sana. Kila Ijumaa nilikuwa nikinunua paketi zake kwenye bucha ya halali, nusu kilo nusu kilo, kwa ajili ya sambusa. Ni ile kima yetu. Nikapiga hesabu ya haraka: basi hii ni sambusa ya kizungu, imeokwa badala ya kukaangwa. Nikamwuliza mwenzangu kwa sauti ya chini, nyama yake imechinjwa vipi? Akacheka mpaka akashika ukuta. Haina nyama, akasema, kula tu.

Nikala. Ulimi niliokuwa nimeuandaa kwa bizari na pilipili manga ukakutana na zabibu, sukari, na uchachu fulani mfano wa achari ya ndimu iliyomwagiwa shira. Hapo bado nilikuwa natafuna, kwa adabu. Ndipo jicho likaangukia boksi lililoachwa mezani, upande ule wenye maandishi madogo ya vilivyomo, na katikati ya orodha nikaona neno brandi. Nikachukua tishu nikatema.

Watu wakanyamaza. Mwenzangu akawa mwekundu, maskini, kwa sababu kweli hakujua. Kisha kutoka kiti cha dirishani ikaja sauti ya bibi mmoja wa miaka tisini ambaye mpaka siku ile nilikuwa nimembadilishia shuka mara nyingi lakini sijawahi kuzungumza naye zaidi ya hali ya hewa: "Mwacheni binti wa watu. Za dukani hata mimi huzitema."

Nikaenda kusukutua. Nikarudi, nikapangusa meza, nikawalisha wasioweza kujilisha, na muda wote huo kuna kitu kimebaki nyuma ya ulimi kinanichokoza na sikijui. Nilikijua saa tisa, nikiwa nafunga mfuko wa taka. Karafuu.

Sijui nikueleze vipi wewe ambaye karafuu unaikuta ndani ya pilau tu na kuiweka pembeni ya sahani. Mimi nimezaliwa nje kidogo ya Wete, kisiwani Pemba. Msimu ukifika, nyumba inanuka karafuu, nguo zinanuka, hata noti zinanuka. Vijana wanapanda mikarafuu kuchuma, na sisi wanawake na watoto tunakaa chini duara tunachambua, karafuu huku, makonyo kule. Vidole vinakuwa vyeusi, na ukijisahau ukafikicha jicho utalia mpaka magharibi. Halafu kuanika juani kwenye majamvi, siku nne au tano, huku unazigeuzageuza, sikio liko mbinguni. Mtu yeyote akipiga kelele "mvua!" hata aliye kwenye sala anachagua sura fupi. Nimeyafanya hayo tangu nina miaka sita. Na katika umri huo wote sikuwahi hata siku moja kujiuliza karafuu zikishatoka bandarini zinakwenda kuliwa na nani, kwenye chakula gani. Nilidhani za dawa ya meno.

Siku ya pili nilimfuata yule bibi wa dirishani.

Kazini kwetu tunatakiwa kumwita kila mzee kwa jina analolipenda, na wengi wao hupenda jina lao la kwanza, tupu, bila kitu mbele. Mimi kumwita mtu wa miaka tisini kwa jina lake ulimi ulikataa. Nikaanza kumwita Bibi. Akauliza maana yake, nikamwambia, akanyamaza kidogo, akasema linafaa. Yeye aliniita bata. Usishangae, Northampton na miji ya pande zile mtu akikupenda hukuita "bata wangu", na mwanzoni nilidhani ananisema mwendo.

Macho yake yalikuwa yamekufa sehemu ya kati. Alikuwa anaona ya pembeni tu, kwa hiyo akizungumza na wewe huutazama mlango. Vidole vimejikunja kwa baridi yabisi. Lakini kwa miaka mingi sana alikuwa ndiye mpika minspai za mnada wa hisani wa kanisa lao, na hukumu zake zilikuwa hazijapungua makali. Alikuwa na ujuzi wote, mikono hana. Mimi mikono ninayo. Ikatuchukua karibu mwaka kugundua kwamba huo ni mpango.

Kwanza alinisahihisha kuhusu ule ujinga wangu wa nyama. Si ujinga, akasema, zamani ilikuwa nyama kweli. Sikumwamini sawasawa mpaka nilipokwenda maktaba ya mjini nikaonyeshwa maelekezo ya mwandishi wa Kiingereza Gervase Markham ya mwaka 1615. Anasema uchukue paja la kondoo, utoe mnofu wake na kuuchemsha, uongeze shahamu ya kondoo, ukatekate kila kitu kidogo kidogo, utie chumvi, karafuu, basibasi, zabibu za aina mbili, plamu kavu, tende chache na maganda ya chungwa, kisha ufunge ndani ya ganda la unga na kuoka. Nikasoma mara mbili. Jamani, hii si pilau iliyovishwa manda? Sisi tunaotia zabibu kwenye biriani tuna haki gani ya kuona ajabu nyama na tamu vikikaa chungu kimoja?

Mwaka 1747, katika kitabu cha Hannah Glasse, nyama imeshakuwa ya hiari: vya lazima ni zabibu, matufaha, sukari, shahamu, viungo na pombe, na ukipenda uongeze ulimi wa ng'ombe. Mwaka 1861 Isabella Beeton anatoa maelekezo mawili, moja lenye nyama ya ng'ombe, moja halina. Baada ya hapo nyama ikaaga. Jina likabaki, na shahamu ikabaki kama shahidi.

Hiyo shahamu ndiyo kitu cha pili cha kuuliza, baada ya pombe, kama wewe ni mtu wa kuuliza. Ni yale mafuta magumu meupe yanayofunika figo za ng'ombe au kondoo. Zinazouzwa madukani siku hizi nyingi zina mafuta ya mimea badala yake, lakini si zote, kwa hiyo soma boksi kabla hujafungua mdomo. Hilo nimelipa gharama yake. Na usikubali mtu akwambie brandi yote inapotea motoni. Nyingine hupotea, nyingine hubaki, na kwangu miye hesabu ni moja. Bibi hakubishana na hilo. Alisema kanisa lao lilikuwa na wazee wasiogusa tone la pombe, na wao aliwapikia chungu chao cha maji ya matufaha kwa miaka yote hiyo bila makelele. "Tofauti ni moja tu," akasema. "Chao hakikai." Kile chenye pombe na sukari nyingi hukaa kabatini miezi, hata mwaka, kisicho na pombe weka kwenye friji na ukimalize ndani ya wiki mbili.

Kuna siku alinisimulia Krismasi za vita. Alizaliwa mwaka 1927. Januari 1940 serikali ilipoanza kugawa chakula kwa vitabu vya kadi, siagi, sukari na nyama ya nguruwe iliyotiwa chumvi vilitangulia, na nyama nyingine zikafuata. Mgao wote haukwisha mpaka Julai 1954. Yaani aliingia mgaoni ana miaka kumi na mbili, akatoka ana ishirini na saba, ameolewa na ana watoto. Mama yake alikuwa akijaza minspai kwa karoti zilizoparwa na matufaha ya mti wa nyuma ya nyumba, na zabibu zilizohesabiwa kwa kidole ili kila mtu apate sawa. Siagi ilipokuwa haba unga ulichanganywa na viazi. "Zilikuwa mbaya," akasema. "Tulizila zote." Nilipomwambia kwetu pia nyakati za shida watu wamekula mhogo asubuhi, mchana na usiku, akauliza mhogo ni nini, na jibu lake lilichukua zamu nzima.

Basi Novemba 2018 tukaanza. Jumapili ya mwisho kabla ya Majilio, ambayo mwaka ule iliangukia tarehe 25, ndiyo siku waliyoizoea ya kukoroga. Jina lake wamelitoa kwenye sala ya siku hiyo, inayoanza kwa kumwomba Mungu azikoroge nia za watu wake, na wapishi wakaichukua kama amri ya kwenda jikoni. Pudingi ya Krismasi ndiyo yenye siku hiyo hasa, lakini Bibi alikuwa akikoroga vyote pamoja. Akanipa masharti: mwiko uzunguke kufuata mshale wa saa, ukienda kinyume umekaribisha nuksi. Minspai haikatwi kwa kisu, utaikata bahati yako. Ya kwanza ya msimu unaila kimya, unaomba jambo. Na tangu Krismasi mpaka kuamkia tarehe 6 Januari unakula moja kila siku, siku kumi na mbili, ili upate miezi kumi na miwili ya heri. Nilitaka kucheka nikajizuia. Sisi tusiofagia nyumba usiku tusiwacheke wenzetu.

Nikafanya kwangu, na matokeo nikawa nampelekea. Vipimo alivyonitajia kwa kichwa ni hivi, kwa chupa tatu hivi za jemu: zabibu kavu nusu kilo, za aina tatu, nyeusi kubwa, za manjano, na zile ndogo kabisa nyeusi ambazo Kiingereza kimezipa jina kutokana na mji wa Korintho, gramu 250 za matufaha yaliyoparwa, yale makali ya kupikia, sukari ya kahawia gramu 250, shahamu ya mimea gramu 175, maganda ya machungwa yaliyopikwa kwa sukari gramu 100, ndimu ya njano moja na machungwa mawili, maganda na maji yake, maji ya matufaha mahali pa brandi. Halafu viungo, ambavyo alivitaja haraka kama mtu anayemaliza sala: mdalasini, kungumanga, basibasi, tangawizi, karafuu.

Kungumanga wanawake wenzangu wa pwani mnaijua sifa yake, sina haja ya kuendelea. Nilimweleza Bibi. Akacheka hadi nesi akachungulia.

Kwenye karafuu kibri kikaniingia. Nilikuwa nimekwenda duka la karibu kuangalia zao, kipakiti kidogo cha punje kama thelathini kwa bei ambayo kwetu ungenunua za kupikia walima wa harusi, na nyuma kimeandikwa Madagascar. Nilijisikia kama mtu aliyemkuta mumewe na mwanamke mwingine sokoni. Kwetu shule walitufundisha hadithi hii kama nasaba: miche iliingia Unguja mwanzoni mwa karne ya 19, Seyyid Said akaieneza mashambani, watumwa wakaibeba kazi yake, kimbunga cha mwaka 1872 kikang'oa mikarafuu ya Unguja, Pemba ikanusurika na tangu hapo ndiyo tumekuwa sisi. Sasa Bukini, hiyo Madagascar, imetoka wapi? Ukweli ni kwamba karafuu si za Bukini wala si zetu, asili yake ni visiwa vya Maluku huko Indonesia, na zile za Markham mwaka 1615 zilitoka huko, kwetu hakukuwa na mti hata mmoja. Lakini ukweli huo haukunisaidia kitu pale dukani. Nilikuwa na mfuko wa karafuu za nyumbani kwenye sanduku, mama alinifungia nilipoondoka. Nikachota kiganja kizima nikatia kinuni nikatwanga. Wajue walichokuwa wanakikosa.

Ukaja unga. Hapa nilijiamini zaidi. Mimi chapati nasukuma tangu sijabaleghe, na sambusa natengeneza manda yangu mwenyewe, sinunui. Bibi alikuwa ameniambia unga gramu 350, siagi nusu ya uzito huo, kiini cha yai, maji kidogo. Akaniambia na jinsi ya kufanya, lakini nilisikia vipimo nikaacha yaliyobaki, kwa sababu mtu akikwambia "unga, mafuta, maji" mikono inajua. Nikayeyusha siagi kidogo iwe laini. Nikatia maji ya uvuguvugu. Nikakanda. Nikakanda kama ninavyokanda, kwa kiwiko, mpaka donge likawa laini linang'aa, likivutwa linarudi. Nikajaza vikombe vya unga mpaka juu, kwa ukarimu wa Kipemba, nikafunika, nikaoka.

Zile kumi na mbili zilijitetea. Ule mjazo ulichemka ukafurika, sukari ikamwagika ikaungua, ikagandisha kila moja na bati lake, nikazing'oa kwa kisu (bahati ikakatika hapo hapo). Ganda lilikuwa gumu kama kifuu. Nikampelekea Bibi tano zilizokuwa na sura. Akachukua moja, hakuila. Akaigonga kwenye mkono wa kiti: ko, ko, ko.

"Umekanda," akasema.

Kosa langu lilikuwa kufanya vizuri kazi nyingine. Chapati unaikanda kwa maji ya uvuguvugu ili ule mnato wa ngano uamke, ushikane, ivutike. Ganda hili linataka kinyume: mnato usiamke. Siagi iwe baridi, uifikiche na unga kwa ncha za vidole, upesi, mpaka iwe kama makombo ya mkate, kila punje ya unga imevaa mafuta yake na haitaki kushikana na jirani. Maji ya friji, vijiko vitatu, visizidi. Likishakubali kukaa pamoja unaliacha, unalifunga, linalala kwenye friji nusu saa. Na usisahau kwamba siagi inayeyuka kwenye nyuzi thelathini na kitu, na kiganja cha mtu nacho ni hizo hizo. Kiganja changu kimelelewa na kikaangio. Bibi alinishika mikono yote miwili akaipapasa. "Mikono ya mkate," akasema. "Mizuri. Lakini kwa hili utaichovya maji ya bomba kwanza."

Nilikuwa na miaka thelathini na nne, nimesifiwa chapati harusini, na hakuna aliyewahi kuniambia kwamba mikono yangu ni ya kazi fulani na kwa nyingine ni hasara. Nilirudi nyumbani nimenuna. Wiki moja baadaye, tarehe 8 Disemba, nilifungua dirisha la jikoni nikaacha baridi ya Northampton ifanye kazi kwa mara ya kwanza yenye faida kwangu, nikachovya mikono bombani mpaka ikauma, nikafikicha.

Likatoka ganda. Likavunjika kwa kidole, likamung'unyika kama kileja cha sikukuu. Nilikimbia nazo kazini kama mtoto aliyepewa namba moja. Bibi akamega, akatia mdomoni, akatafuna, uso ukabadilika. Akatoa ulimi. Akaugusa kwa kidole.

"Bata wangu," akasema kwa shida, "ulimi wangu umekwenda kwa daktari wa meno."

Ganzi. Kiganja kizima cha karafuu ndani ya chupa tatu! Ile mara ya kwanza hakufika ndani, ganda lilimlinda. Mimi mwenyewe nilikuwa nimezionja na kuona sawa, lakini mimi nimekua natafuna punje njiani kutoka madrasa. Ndiyo kazi yake karafuu, sisi wenyewe huibana jinoni likiuma. Nilimpa maji, nikamwomba radhi, na alipoweza kusema tena aliniuliza swali ambalo sikulitegemea: "Ni za kwenu, eeh?" Nikakubali. "Nilijua. Za paketi hazina nguvu ya kumdhuru mtu." Akaomba nimletee punje nzima. Nikamletea siku ya pili, akaishika na kuivingirisha kati ya vidole vyake vilivyopinda, akainusa, na kuiweka kwenye mfuko wa sweta. Jioni nilipomvua sweta bado ilikuwamo.

Mara ya tatu mjazo niliufanya upya, karafuu nane. Nilizihesabu mezani moja moja na moyo unauma. Tarehe 22 mpishi akaniruhusu jiko la kazini baada ya chakula cha mchana, kwa sharti niandike kwenye karatasi kila kilichomo, ngano, maziwa, yai, kwa ajili ya wenye mzio. Bibi akasukumwa kwenye kiti chake cha magurudumu mpaka mlangoni, ndani haruhusiwi. Bakuli la unga lililofikichwa nikamwekea mapajani. Akatia vidole, akachota, akaachia yakadondoka, akachota tena. "Bado," akasema. Nikafikicha kidogo zaidi. "Basi. Acha. Acha, nimekwambia." Kijiko kimoja cha mjazo kwa kila kikombe, kisizidi, na juu tundu la kutolea mvuke. Nyuzi 200, dakika ishirini. Bibi hakuwa na saa aliyoweza kuisoma. Aliniambia kutoa aliposikia harufu, na mimi nilipotazama saa ilikuwa dakika ya kumi na tisa.

(Nyama? Ndiyo, nimejaribu. Idi ya kuchinja ya Agosti 2019 nilifanya za Markham, kima ya kondoo, zabibu, tende, basibasi, ganda la chungwa. Watu wazima walimaliza sahani, watoto walizigomea, na shoga yangu wa Mombasa akaniambia nimeharibu sambusa nzuri. Huenda. Nitafanya tena.)

Krismasi ya 2018 nikatembea tena dakika zangu arubaini. Saa nne nikapitisha sahani, ishirini na nne zilizonyunyiziwa sukari, na kwa Bibi nikampa mkononi. Hakuna kisu. Akafumba macho, ambayo kwake haikuwa na tofauti kubwa, akaomba jambo lake, akamega. Nilisimama pale na sahani kama mshitakiwa.

"Ganda limekubali," akasema. Akatafuna kidogo. "Karafuu mbili za ziada."

Kisha akanyoosha mkono kutaka ya pili.

Zamu ilipokwisha nilimpigia mama. Kwao ilikuwa inaelekea magharibi, nikamsikia anaita watu waingize karafuu ndani. Nikamhadithia yote, Bibi, mikono ya mkate, ganda, akawa anacheka na kuitikia. Kisha akauliza, kama mtu anayeuliza bei ya kanga: "Na chungu kizima cha hao wazungu kinataka karafuu ngapi?"

"Sita," nikamwambia.

"Sita nini? Pishi?"

"Punje, mama. Punje sita."

Simu ikawa kimya nikadhani imekatika. Halafu nikamsikia anageuka, anamwambia baba kwa sauti ya mbali: "Si nilikwambia mimi? Bei itapanda wapi!"